Saa Tano ya Mgeni: Kisa Kimoja cha Msamiati wa Kiingereza Dodoma

Mgeni alisema "five". Dada wa mapokezi akaandika 5 kwenye daftari la zamu, na mbele yake: chumba namba nne, aamshwe. Saa nne usiku akamkabidhi mwenzake daftari, akaenda zake Nkuhungu kulala. Mwenzake alilisoma kama ambavyo mimi na wewe tungelisoma. Saa tano. Kwa kuwa hakuna anayeomba kuamshwa saa tano ya usiku, akaelewa ni saa tano ya asubuhi, akaiachia zamu inayofuata. Saa kumi na mbili na nusu mgeni akateremka ngazi mbio huku anafunga vifungo vya shati, begi analiburuza nyuma yake. Treni ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa imeshaondoka stesheni.

Kosa hilo ndilo lililomleta kwangu yule dada wa mapokezi. Ninafundisha Kiingereza darasa la jioni hapa Dodoma, na shangazi yake ana genge Chang'ombe ninakonunua nyanya na bamia. Shangazi ndiye aliyemleta. Binti akaniamkia, akakaa ukingoni mwa benchi kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Meneja alikuwa amempa miezi mitatu: Kiingereza kikikaa sawa anabaki mapokezi, kisipokaa anahamia kufua mashuka, na mshahara unapungua. Jina lake naliacha, na la nyumba ile ya wageni vilevile. Mengine ameniruhusu niyaeleze.

"Mwalimu, Bailojia nilipata C," aliniambia. "Nimesoma kwa Kiingereza miaka minne. Iweje mgeni akiniomba kitu cha chumbani nabaki namtazama mdomo?"

Swali hilo nimelisikia mara nyingi, ila si kwa uchungu ule. Nimeamua kukiandika kisa chake kwa urefu kwa sababu kilinilazimisha kubadili namna ninavyofundisha, na kwa sababu Dodoma ya leo imejaa vijana wenye swali lake. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa 1973, lakini ni tangu 2016, serikali ilipoanza kuhamia kwa vitendo, ndipo wageni walipoongezeka kweli. Kipindi cha Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni, kupata chumba mjini ni kazi. Tangu 2024 treni ya SGR ilipofika, anayetoka Dar es Salaam hahesabu tena siku nzima njiani. Wageni hao wanapokewa na mabinti na vijana waliomaliza kidato cha nne, tena wengi wao wana bidii kuliko tunavyowapa sifa.

Alichokuwa nacho kichwani

Jumapili moja mchana, vyumba vikiwa vitupu, meneja alituruhusu tuingie chumba kimoja. Mimi naonyesha kwa kidole, yeye anataja kwa Kiingereza. Kitanda, meza, kiti, mlango, dirisha: bila shida. Chandarua akakitaja haraka, "mosquito net", kwa sababu ya mada ya malaria. Tukafika kwenye foronya. Kimya. Ndoo, kimya. Dekio, kimya. Bomba la bafuni akaliita "pipe", kumbe mgeni anapolalamika kwamba linavuja anasema "tap". Tundu la kutolea maji sakafuni hakuwahi hata kufikiri kwamba lina jina.

Nikamwuliza, kwa kumjaribu tu, "photosynthesis" ni nini. Akaieleza kwa Kiingereza pumzi moja, kuanzia jua hadi wanga, bila kukwama popote.

Hapo ndipo nilipoelewa alipokwama. Huyu hakuwa mtu asiye na msamiati. Alikuwa na msamiati mwingi uliojengwa kuanzia juu. Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili tangu enzi za Elimu ya Kujitegemea ya 1967, na sekondari zinafundisha kwa Kiingereza. Kwa hiyo mtoto wa kawaida wa Bahi au Kongwa anakutana na Kiingereza kwa wingi mara ya kwanza ndani ya kitabu cha Bailojia, Historia na Jiografia. Anaijua "process", anaijua "function", anaijua "structure" na "factor". Mtaalamu wa New Zealand, Averil Coxhead, alitoa mwaka 2000 orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma, na hayo manne yote yamo. Orodha yake imewekwa makusudi juu ya msingi mwingine: yale maneno 2,000 hivi ya kawaida ambayo Michael West aliyachapisha 1953. Yaani Coxhead alidhani msomaji wake ameshapita chini. Binti huyu alikuwa ameezeka paa, kuta hazijasimama.

Lakini kulikuwa na akiba nyingine, na hii nilitaka aione kabla hajakata tamaa. Nikamwambia arudi chumbani avitaje vitu vilevile kwa Kiswahili cha kila siku. Blanketi. Taulo. Swichi, soketi, balbu, feni. Sinki. Mapokezi: risiti, bili, chenji. Mgeni anaulizia chaja na waya. Kabatini kuna shati, sketi, soksi. "Sasa yakate mkia," nikamwambia. Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti, kwa hiyo tulipoyapokea maneno haya kutoka kwa Waingereza tuliyaongezea irabu mwishoni. Iondoe, na mara nyingi neno linarudi kwao: "blanket", "switch", "socket", "bulb", "receipt". Aliniangalia kama niliyemwonyesha hela mfukoni mwake mwenyewe. Wiki iliyofuata alikuja na ukurasa mzima aliouokota kwenye daladala, kwa fundi simu na jikoni kwa shangazi.

Akiba hiyo ina sumu kidogo, lazima niseme. Hoteli kwetu inaweza kuwa banda la wali maharage. "Hotel" ya Mwingereza lazima iwe na kitanda. Gauni la kwendea kanisani kwao ni "dress", na "gown" ni vazi la mahafali au la sherehe kubwa. Chipsi ni "chips" kwa Mwingereza, ila kwa Mmarekani "chips" ni zile kavu za pakiti, na za moto zinaitwa "fries". Supu yetu ya asubuhi, yenye kongoro na ndimu, siyo anayoitegemea mgeni aliyeagiza "soup". Na pasi ukiikata mkia inakuwa "pass". Binti alikuwa ameshamwambia mgeni kwamba atai-"pass" shati lake, na mgeni akangoja apewe shati mkononi.

Nilipokosea mimi

Ningetamani kusema kwamba kuanzia hapo nilijua la kufanya. Sikujua. Nilifanya nilichozoea: nikampa orodha, maneno 20 kwa siku, nikayapanga kwa mafungu ili yapendeze. Siku ya kwanza vitu vya kitandani. Siku ya pili vitu vya bafuni. Siku ya tatu vya mezani. Aliyakariri. Nilipomhoji jioni, tiki tupu.

Baada ya wiki mbili mgeni akaomba mto wa ziada, binti akapeleka blanketi. Maneno yote mawili yalikuwa na tiki.

Sababu ya kwanza nilipaswa kuijua. Katika miaka ya 1990 Thomas Tinkham, na baada yake Robert Waring, walionyesha kwamba maneno ya kundi moja la maana, yakifundishwa mapya kwa pamoja, yanagongana kichwani na yanachukua muda mrefu zaidi kukaa. "Pillow", "pillowcase", "mattress", "sheet" na "blanket" yakiingia siku moja, yanaingia kama mapacha watano: unajua wote ni wa mama mmoja, hujui nani ni nani. Vitabu vingi vya kufundishia bado vinapanga hivyo, na mimi nilivifuata.

Sababu ya pili ni matamshi, na hili linagusa heshima ya mtu. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza kina nyingi zaidi, na "i" fupi na "i" ndefu kwao ni vitu viwili tofauti. "Sheet" ikitamkwa kwa "i" fupi inageuka tusi. Binti aliliona kwenye uso wa mama mmoja mtu mzima, mgeni wa mkutano, na tangu siku hiyo akawa analikwepa neno, na kwa kulikwepa akawa anamkwepa mgeni. Tulifanya mambo mawili. Tuliivuta ile "i" kwa makusudi, kama mtu anayetabasamu, mara nyingi hadi mdomo ukazoea. Na nikampa njia ya kupitia pembeni kwa siku ambazo hajiamini: "I'll change your bed." Mgeni anaelewa mashuka yanabadilishwa, na neno lenyewe halijatajwa.

Sababu ya tatu ni kubwa kuliko hizo mbili, na aliyenifunulia ni yeye.

"Nilitumwa"

Kiswahili siyo lugha yake ya kwanza. Alilelewa na bibi yake kijijini wilaya ya Bahi, nyumbani kukiwa Kigogo tu, akaletwa mjini kwa shangazi kabla hajaanza darasa la kwanza. Siku moja, nikiwa nimechoka na orodha zangu, nikamwuliza Kiswahili alikijifunzaje.

"Sikujifunza, mwalimu. Nilitumwa."

Akaeleza. Shangazi anasema: kalete ndoo. Hajui ndoo ni nini. Analeta sufuria, anarudishwa. Analeta beseni, anarudishwa. Analeta ndoo, shangazi anaipokea na kazi inaendelea. Hakuisahau tena. Kalete kisu kwa mama fulani, ukanunue chumvi, mwambie yule kaka chenji imepungua. Miezi michache akawa anauza mwenyewe gengeni.

Nililifikiria jibu lile njia nzima hadi nyumbani. Neno alilotumwa lilikuwa na mtu upande wa pili anayelingoja, lilikuwa na kitu cha kushika, na likikosewa lilirudishwa papo hapo bila kuaibishwa. Orodha yangu haikuwa na hata kimoja. Mwanasaikolojia wa Marekani James Asher alijenga mbinu nzima kuanzia miaka ya 1960 juu ya wazo kwamba mwanafunzi asikie agizo na alitekeleze kwa mwili kabla ya kudaiwa aseme. Nilisoma habari zake chuoni na kuzijibia mtihani. Haikunijia kwamba shangazi wa Chang'ombe anafanya hivyohivyo kwa sababu nyanya zinaoza.

Tukabadilisha kila kitu. Mchana wageni wakiwa wametoka, mimi nakaa chumbani kama mgeni, namtuma. "Bring me two towels." "Put the bucket under the tap." "The bulb in the bathroom isn't working." Mwanzoni hakutakiwa kusema lolote, ni kuleta tu. Akileta siyo, narudia agizo lilelile kwa sauti ileile. Wiki ya pili tukabadilishana, yeye ananituma. Mwenzake anayefanya usafi akaomba aingie, na hao wawili wakaanza kutumana hata nisipokuwepo.

Pamoja na hayo akaanza daftari lake mwenyewe, tofauti na la zamu. Sharti lilikuwa moja: asiandike neno lolote la kutoka kwenye kitabu. Aandike kwa Kiswahili sentensi aliyotaka kumwambia mgeni akashindwa. Sentensi nzima. Jioni tunaitafutia Kiingereza chake. Ukurasa wa kwanza ninaukumbuka: "Maji yamekatika lakini nimekuwekea ndoo mbili bafuni." Anayeishi Dodoma haulizi kwa nini sentensi hiyo ilitangulia. Mji huu umetegemea visima vya Mzakwe kwa miaka mingi, na siku ya mgao ndoo ndiyo inayomwokoa mtu wa mapokezi. Tukaandika: "The water is off, but I've put two buckets in your bathroom." Ona alichopata humo. "Bucket", ndiyo. Lakini pia "off", ambayo aliijua kwenye swichi tu, na "put", ambayo aliiona ndogo mno kuisomea.

Maneno madogo ndiyo yaliyomtesa kuliko yote, na nadhani yanawatesa wengi wanaodhani wanayajua. "Run" kwake ilikuwa kukimbia. Dada wa jikoni akamwambia mgeni "we've run out of milk", binti akaelewa kuna mtu ametoka mbio. "Turn" ilikuwa kugeuka; taa aliambiwa na marafiki aseme "open the light" na "close the light", kwa kuwa redio tunaifungulia na kuifunga. Kiingereza kinataka "turn on" na "turn off". Maneno haya yamo mwanzoni kabisa mwa kila orodha ya maneno ya kawaida, na mwanafunzi anayaruka kwa sababu anayatambua sura.

Halafu kuna "piga". Siku hiyo tulitumia saa nzima, na ilikuwa saa nzuri. Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga hodi, tunapiga chafya. Alikuwa anatafuta "piga" ya Kiingereza iliyo moja, kama yetu. Hakuna. Ni "call", "take a picture", "iron", "brush my teeth", "mop", "knock", "sneeze". Nikamwambia asiwahi kutafsiri "piga" peke yake. Aichukue pamoja na kile inachokipiga, alibebe fungu zima kama mkungu wa ndizi. Alipanga mwenyewe mfululizo wa zamu ya asubuhi: I knock, I mop the floor, I iron the shirt, I call the driver. Kila kimoja alikisema huku anakifanya. "Mop" aliisema ameshika dekio, maji ya sabuni yanamchuruzikia miguuni, na nilijua hiyo haitatoka.

Sentensi za daftari zilihamia kwenye kadi alizokata kwa manila, Kiswahili upande mmoja, Kiingereza upande wa pili, ndani ya boksi la viatu lenye vyumba vitatu. Hii siyo mbinu yangu. Mwandishi Sebastian Leitner aliieneza miaka ya 1970. Kadi ikijibiwa sawa inasogea chumba cha mbele na inangoja siku nyingi zaidi. Ikikosewa inarudi mwanzo. Inafanya kazi kwa sababu aliyoionyesha Hermann Ebbinghaus mwaka 1885 kwa kujipima mwenyewe: tunasahau kwa kasi mwanzoni, halafu kasi inapungua, na kila tunapokumbuka kabla neno halijapotea kabisa, linakaa muda mrefu zaidi. Zamu ya jioni ina saa mbili za ukimya baada ya wageni kula. Boksi lilikaa chini ya kaunta.

Ile saa yenyewe

Sikuigusa saa hadi mwezi wa pili, kwa makusudi, kwa sababu ilikuwa inamwuma. Tulipoigusa nilianza kwa kumwondolea hatia: "five" aliijua tangu shule ya msingi. Paul Nation, ambaye utafiti wake juu ya msamiati unasomwa kila mahali, anasema kulijua neno ni kujua umbo lake, maana yake na matumizi yake. Binti alikuwa na umbo na maana. Matumizi ndiyo yaliyokosekana, kwa sababu Mwingereza na Mswahili wanaanza kuhesabu siku mahali tofauti.

Saa moja kwetu ni saa ya kwanza tangu jua kuchomoza. Tuko karibu na ikweta, jua letu linachomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, kwa hiyo hesabu hiyo haitudanganyi. Kwa Mwingereza jua la Desemba linachelewa mno na la Juni linawahi mno; yeye anahesabu tangu saa sita za usiku na za mchana. Kati yetu kuna tofauti ya saa sita kamili, na uzuri wake ni kwamba kwenye saa ya ukutani namba zinatazamana. Five iko mkabala na kumi na moja. Seven iko mkabala na moja. Tulichukua saa ya mapokezi, tukaiweka mezani, na akapitisha rula katikati: upande huu mgeni, upande ule sisi. Hakuna kujumlisha wala kutoa. Unatazama ng'ambo.

Ila kichwa kinachoka saa nne usiku, kwa hiyo hatukukiachia kichwa. Kwenye daftari la zamu binti alichora safu mbili: ya mgeni na yetu. 5:00, na pembeni saa 11 alfajiri. Na akajifunza kurudisha swali kabla ya kuandika: "Five in the morning?" Maneno manne. Meneja aliziona safu zile, akazichora kwenye madaftari yote.

Kulikuwa na malalamiko mengine ambayo meneja hakuyasema mwanzoni: wageni wawili walimwona binti mkali. Huyu ni mtoto anayeinama kumwamkia shangazi yake hata wakiwa na haraka! Nikamwomba aniombe pasipoti kama anavyoomba kazini. "Give me your passport." Basi. Kwa Kiswahili tuna "naomba", tuna "unipe" yenye ile "e" laini mwishoni, na adabu imo ndani ya kitenzi. Akitafsiri, adabu inabaki nyuma na agizo linavuka peke yake. Kiingereza kinaiweka adabu kwenye umbo la swali: "Could I have your passport, please?" Aliisema mara ishirini siku ile. Kesho yake akasema wageni wamebadilika.

"Pole" ilikuwa ngumu zaidi. Mgeni alijikwaa kwenye kizingiti, binti akasema "sorry, sorry", mgeni akamjibu kwamba siyo kosa lake. Wote wawili wakabaki na haya. "Sorry" inaweza kubeba huruma, kama mtu amefiwa, lakini haibebi pole ya safari, ya kazi, ya jua na ya kujikwaa. Aliyejikwaa anaulizwa "Are you all right?" Aliyetoka safarini anaulizwa "How was your journey?" Kadi ya "pole na kazi" tuliiacha upande wa pili mtupu. Hiyo anaisema kwa Kiswahili, na wageni wanaokaa wiki moja wameshaanza kumjibu.

Kuna jioni moja ninaitaja kwa furaha. Jikoni walipika mlenda na ugali wa uwele, mgeni akafungua sufuria, akauliza ni nini. Mlenda hauna jina la Kiingereza analoweza kulitoa mtu wa mapokezi, na miezi miwili nyuma angekimbilia jikoni. Safari hii alisimama, akasema taratibu: "It's a green vegetable. We cook it until it is slippery, like okra. People here eat it with this ugali." "Okra" ilikuwa kadi ya wiki ile, kwa sababu ya genge la shangazi. Mgeni akala, akaongeza. Kuzungukia neno ambalo huna, kwa maneno uliyonayo, ni ujuzi ninaouthamini kuliko kadi mia, na hakuna aliyewahi kuutahini.

Miezi mitatu imepita na yupo mapokezi. Barua za wageni anazisoma kwa shida bado. Anayezungumza haraka humlazimu aseme "Could you say that again, slowly?", na anaisema bila kuinamisha kichwa. Kinachobaki kigumu ni simu. Kwenye simu hakuna kidole cha kuonyesha, hakuna uso, na namba zinapita kama upepo wa Julai. Kwa hiyo tumerudi kwenye kutumwa, safari hii kwa mbali: kila Jumanne nampigia bila kumwambia saa, nikiwa mahali penye kelele.

Jumanne hii nilikuwa soko la Sabasaba, wapiga debe nyuma yangu, bodaboda zinapiga honi. Nikasema kwa Kiingereza nataka chumba siku mbili kuanzia Alhamisi.

"Two nights," alisema. "Thursday and Friday. What time will you arrive?"

"Eight," nikajibu, nikanyamaza.

Upande wa pili kukawa kimya kidogo, nikasikia karatasi inafunuliwa.

"Eight in the evening?"